Rejeta ya Torben

Kwenye tramu ya Braunschweig, mbele yangu alikaa jirani yangu Torben, amepakata rejeta mpya ya kupoozea kwa maji kompyuta yake ya michezo. Kando yake alikuwa dada yake Wiebke, fundi mabomba.

"Ni ndogo," Wiebke alisema kwa mara ya tatu.

"Nitaongeza maji, dada."

"Maji yanabeba joto tu, mdogo wangu. Rejeta ndiyo inayolitoa. Kwa hii, feni zitanguruma mpaka mkeo ahame."

"Kubwa haiingii kwenye kasha la kompyuta."

"Si nilikwambia upime kasha kwanza?"

"Nilipima kwa macho."

Wiebke akafumba yake. Tramu ikasimama. "Jumamosi nije saa ngapi?" akauliza, bado hajayafumbua.

"Saa nne. Njoo na msumeno."