Mzee Nkwabi, Kengele na Paka Aliyeitwa Moshi

Na Marcel Bulugu, zamu ya asubuhi

Tarehe 31 Agosti 1957 Mzee Nkwabi Lushinge anastaafu, baada ya miaka ishirini na moja katika mgodi wetu wa dhahabu wa Mwabagole, njia ya Geita. Alitoka Kishapu akijua pamba na ng'ombe tu, akaanza kwa kusukuma vigari vya mawe. Jiwe lilipomponda mguu akakabidhiwa kengele ya mlango wa mgodi. Kazi hiyo ni rahisi kuieleza: akipata habari ya moshi, maji au mwamba kuanguka, apige kengele, nasi tulio chini tutoke mbio.

Kila anayeshuka hupewa naye "mwangaluka" yake, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, awe Mhaya au Mnyamwezi, na lazima aiitikie. Aliwahi kumrudisha nyumbani mwenzetu Ignas kwa sababu alikuja na uso wa mtu aliyegombana na mkewe. Ignas alienda, wakapatana, akashuka kesho yake.

Sasa nieleze habari ya paka, ingawa kichwa kinaanza kuniuma.

Mwaka 1952 mke wa meneja aliletewa paka wawili wa Kiajemi, wenye nyuso bapa na manyoya marefu. Alimweleza mpishi wake, Fikirini wa Pangani, kwamba mmoja ana rangi ya fedha na mwingine rangi ya moshi. Basi wakaitwa Fedha na Moshi, na hapo ndipo tulipochanganyikiwa. Fedha alikuwa mweupe, ila ncha za manyoya zilikuwa nyeusi kidogo, kama aliyejisugua kwenye chungu. Moshi alikuwa mweusi tii, lakini ukiyapuliza manyoya yake unakuta weupe chini. Akilala ni mweusi, akitembea weupe unachungulia. Tulikwenda kumpuliza kwa zamu, tukarudi tukibishana. Mzee Nkwabi alisema paka mwenye rangi mbili ni paka wawili, na hakutaka kuendelea na mazungumzo hayo.

Kiangazi kile manyoya ya wote wawili yalijaa mbigili, ikabidi Fikirini awanyoe. Wakatoka weupe wote. Mmoja akakimbilia mgodini, na Fikirini, asiyejua tena yupi ni yupi, akapiga simu kwenye kibanda cha kengele: "Moshi ameingia mgodini."

Mtu wa pwani angejua papo hapo kwamba anayesemwa ni mnyama, maana moshi wa moto "umeingia". Lakini huku kwetu maji anakuja, mvua ananyesha na mguu anauma. Mzee Nkwabi akapiga kengele.

Tulitoka mbio, mimi kiatu kimoja kikabaki chini. Tukasimama juani tukiungoja moshi, wala haukuonekana. Mwishowe akatoka paka, amejaa vumbi jeupe mpaka machoni. Mke wa meneja alimwosha, akakuta macho ni ya kijani, ambayo Moshi hakuwa nayo, akasema huyu ni Fedha. Moshi alikuwa jikoni muda wote, amelala. Kwa hiyo moshi haukuwa moshi, na Moshi hakuwa Moshi. Mpaka leo nikisimulia napotea katikati.

Meneja hakucheka. Alimtaka Mzee aahidi kwamba siku nyingine atauliza kwanza, ndipo apige kengele. Akikataa, aende zake. Kwa mguu ule hakuna mgodi mwingine ambao ungemchukua, naye alikuwa na watoto wa kulisha. Mkewe, Mama Mageni, alimsihi aahidi tu yaishe. Sisi pia tulimsihi. Alijibu kwamba akipiga bure tutamcheka, na kuchekwa anakuweza. Akichelewa kwa kuuliza atatuzika, na hilo haliwezi. Akakataa, akafukuzwa.

Kesho yake asubuhi kibandani alikaa mtu mwingine, ambaye ahadi ile aliitoa bila shida. Zamu yetu ilifika mlangoni, ikamtazama, ikakaa chini. Hakuna aliyekuwa amepanga jambo hilo. Nyapara Marselino alitufokea mpaka sauti ikamkauka, kisha naye akatafuta kivuli akakaa. Adhuhuri meneja alituma mtu nyumbani kwa Mzee, akamkuta anafunga mizigo. Mzee alirudi akichechemea, akaingia kibandani bila kuulizwa ahadi yoyote, nasi tukashuka.

Hatukumwambia siku ile kwa nini tulikaa. Wanaume tuna aibu ya kijinga. Tulimtania habari za paka, basi. Leo nasema kwa niaba ya wote: tuliogopa kushuka bila yeye. Tunampenda, na hatujui tutazoeaje.

Asante, Mzee Nkwabi. Fika Kishapu salama, lala mpaka jua likuchoke, na wajukuu wakuitikie "mwangaluka" vizuri. Kwa mara ya kwanza unayetoka ni wewe. Sisi tunabaki chini, tukisikiliza.