Flora Baltazari: Chupa Iliyokuja Bila Swali Lake

Baba Paroko, wazee wa Bugwema, majirani wa Musoma, wageni mliotoka Bunda na Butiama: mbele yenu amelala Flora Baltazari Wanzagi, mke wa Wambura Mniko. Wasifu huu umeandikwa na familia yake, na unasomwa na mdogo wake, Hezron. Tunaomba radhi mapema. Wasifu mwingi hupita juu juu kwenye kifo, lakini huu hautapita hivyo, kwa sababu tangu Jumanne watu wamekuwa wakinong'ona, na minong'ono hiyo imemwelekea mtu aliye hai. Sisi wenyewe tumepigwa na butwaa mpaka sasa. Mwanamke aliyekuwa akishona Jumamosi tunamzika Ijumaa, na kilichomwondoa ni dawa ya macho.

Flora alizaliwa tarehe 19 Juni 1972 huko Buswahili, katika wilaya ya Butiama ya leo, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Baltazari Wanzagi na marehemu Mama Matrida. Aliyemwachia ziwa ni Helena, aliyezaliwa mwaka 1969. Flora alikuja duniani na kifua kibovu. Msimu wa kupepeta ulezi, vumbi lilipopanda tu, pumu ilimbana mpaka midomo ikabadilika rangi, na Helena, naye mtoto mdogo, alimtia mgongoni akakimbia naye zahanati. Huko alichomwa sindano ya adrenalini. Mganga wa zahanati aliwaeleza kwa lugha ya wafugaji kwamba mwilini mna neva zinazoamka mtu akiogopa: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, na njia za hewa zinafunguka ili mtu aweze kukimbia. Sindano ile ilifanya kazi ya neva hizo, hata kama mtu hakuogopa chochote. Flora alirudi nyumbani anatetemeka na kucheka. "Moyo unakimbia kama nimefukuzwa na fahali," alisema, "na mimi nimekaa tu." Tangu hapo kila aliporudi kutoka sindano, baba alimuuliza fahali wa leo alikuwa wa rangi gani.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Buswahili kuanzia mwaka 1980 hadi 1986. Siku alizobanwa njiani, Helena alimbeba na madaftari ya wote wawili, na mwalimu wao alizoea kuona wanafunzi wawili wanaingia darasani kwa miguu miwili. Helena alichapwa mara nyingi kwa kuchelewa na hakuwahi kumsingizia mdogo wake. Flora ndiye aliyetusimulia hayo, mwenzake hakuyasema. Mwaka 1988 alikuja Musoma kujifunza ushonaji kwa masista, na mwishoni mwa mwaka uliofuata alipata cheti chake. Mwaka huo wa 1989 Helena aliolewa Bunda, na tangu hapo dada hawa wawili wakaishi miji tofauti.

Kazi aliianza mwaka 1990 kwenye kibaraza cha duka mjini Musoma, na cherehani ya kukodi. Alishona sare za shule, mashela, majoho ya kwaya na suti za vitenge. Wengi mliosimama hapa mmevaa mkono wake. Zile siku alikuwa akimeza vidonge vya salbutamoli, dawa ya ukoo uleule wa ile sindano, inayofungua kifua lakini inatetemesha vidole, na uzi ulikataa katakata kuingia kwenye sindano ya cherehani. Mteja mwenye haraka aliambiwa, "Leo fahali yupo, njoo kesho." Baadaye alipata pampu ya kuvuta, mikono ikatulia na kazi ikasonga.

Tarehe 14 Novemba 1992 alifunga ndoa takatifu na Wambura Mniko, mwenyeji wa hapa Bugwema, aliyekuwa akiuza dagaa na sangara mjini. Gauni la harusi alishona mwenyewe, akakataa katakata mtu asilione, kisha usiku wa kuamkia harusi akampigisha Helena magoti akapinde marinda. Mungu aliwajalia watoto watatu: Brenda, Dennis na Happyness. Baada ya kujifungua Happyness mwaka 2003 pumu ilianza kumwacha, na mwaka 2008 pampu ya mwisho ilitupwa ikiwa imeisha. Hakununua nyingine. Akiulizwa, alijibu, "Nilikuwaga na pumu, niliiacha Buswahili." Tuliamini, na yeye aliamini.

Sasa tunafika pale ambapo ulimi unakuwa mzito. Mwaka jana macho ya Flora yalianza kufifia, na Brenda ndiye aliyekuwa akimtungia uzi. Kliniki ya macho alikuwa akisema ataenda, kazi ikipungua. Jumamosi tarehe 8 Machi 2025 alikwenda Bunda kupeleka vitenge alivyowashonea wanawake wa kikundi cha dada yake. Helena alipokunjua gauni lake aliona mkono mmoja umeshonwa ndani nje. Flora hakuwahi kukosea mkono wa gauni tangu aanze kushona. Helena aliingiwa na hofu, maana yeye mwenyewe ana presha ya macho, na alijua jinsi inavyomnyang'anya mtu mwanga polepole bila maumivu. Alikuwa na chupa mbili ndogo zenye vifuniko vya njano: moja karibu inaisha, nyingine haijafunguliwa. Alimpa mdogo wake ile mpya, tone moja asubuhi na moja jioni kila jicho, akabaki na ile ya kukwangua. Hivyo ndivyo walivyolelewa. Buswahili walikula sahani moja, na kilichomfaa mmoja hakikuulizwa kama kitamfaa mwenzake.

Flora alitia tone la kwanza jioni hiyohiyo. Jumapili kifua kilibana kidogo wakati wa Misa, akasema ni vumbi la safari. Jumatatu alikohoa, akasema ni mafua yanakuja, na asubuhi na jioni akatia matone yake kwa uaminifu, kwa sababu aliona mwanga umeongezeka. Labda uliongezeka, labda alitamani tu uongezeke. Hatujui hata kama macho yake yalikuwa na ugonjwa ule. Jumanne asubuhi, baada ya kutia tone, alishindwa kumaliza sentensi. Dennis na baba yake walimpakia kwenye bajaji wakamkimbiza hospitali.

Huko walifanya yote yanayofanywa. Walimwekea oksijeni na salbutamoli ya kuvuta kwa mashine, kisha wakamchoma adrenalini, ile ile ya utotoni. Safari hii fahali hakuja. Moyo haukwenda mbio, mikono haikutetemeka, kifua hakikufunguka. Daktari alishangaa, akamuuliza Wambura kama mama ana dawa yoyote anayotumia. Wambura alijibu kwamba hatumii dawa. Daktari akauliza tena, na Brenda, aliyekuwa ameshika mkoba wa mama yake, akasema, "Hana. Labda hii, ni ya macho tu." Daktari aliisoma ile chupa, akafumba macho kidogo, kisha akaanza kuwaita wenzake na kubadilisha dawa. Walipigana kwa nguvu zao zote. Flora Baltazari alifariki dunia saa sita mchana, tarehe 11 Machi 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Daktari alitukalisha akatueleza, na tunayarudia maneno yake ili yasikike mpaka huko nyuma. Tone la jicho halibaki jichoni. Linateremka kwenye pua na kuingia kwenye damu. Dawa ile inatuliza zile zile neva za hofu, na kwa kufanya hivyo inashusha presha ya jicho. Ndugu zake za vidonge hupewa wagonjwa wa moyo, na zimewaokoa wengi. Lakini kifua cha mwenye pumu kinazitegemea neva hizo ili kibaki wazi, hata kama pumu ilinyamaza miaka mingi. Na adrenalini, je, kwa nini ilishindwa? "Ufunguo mwingine ulikuwa umekwama ndani ya kitasa," alisema. "Huu wetu haukupata pa kuingia." Alisema pia kwamba dawa hii hapewi mtu kabla hajaulizwa swali moja: una pumu, au uliwahi kuwa nayo?

Tulitoka pale hatuangaliani usoni. Nani kati yetu amewahi kuogopa dawa ya macho?

Lakini habari ilifika Bugwema kabla ya mwili, na njiani ilikuwa imeshageuka. Ilisemwa kwamba Helena amempa mdogo wake kitu kwenye chupa. Jana, kwenye kikao cha ukoo, Mzee Makongoro, kaka mkubwa wa Wambura, alisema kwa upole, kama mzee anayelinda nyumba yake, kwamba dawa ya jicho haiwezi kuua kifua, na kwamba hadi jambo hili lieleweke Helena asikae chumbani na wafiwa wala asitupe udongo kaburini. Helena hakujitetea. Alisema tu, "Pale kliniki waliniuliza kama nina pumu. Nikasema sina, na ni kweli sina. Chupa nikampa, swali nikaliacha kule kule." Kisha akatoka, akaenda kukaa jikoni nje, peke yake kwenye moshi, akiwa amevaa lile gauni lenye mkono wa ndani nje. Alikataa Brenda asiufumue.

Hapo Wambura alisimama. Wanaomfahamu wanajua hapendi maneno. "Kaka," alisema, "daktari aliniuliza mimi. Nimeishi na Flora miaka zaidi ya thelathini, najua pumu yake, na ile chupa naionaga mezani kila asubuhi tangu Jumapili. Nikasema hatumii dawa. Helena hakujua. Na mimi sikujua. Kama kuna mtu wa kutolewa msibani, anzeni na mimi." Mzee Makongoro alikaa akiangalia fimbo yake, kisha akainuka, akaenda jikoni mwenyewe, akamshika Helena mkono, akamleta ndani akamkalisha penye kichwa cha jeneza. Tunamshukuru mzee wetu mbele yenu wote.

Familia inashukuru madaktari na wauguzi, wanawake wa jumuiya waliolala nasi, na wateja wa marehemu waliokuja na vitambaa vyao ambavyo havijashonwa. Vitambaa hivyo Brenda atavimaliza. Helena ameomba jambo moja tu, nalo limechapwa nyuma ya ratiba mliyoshika: ukimpa ndugu yako dawa yako, kwanza mrudishe kule ulikoulizwa wewe, naye aulizwe. Hatuombi mwache kupendana. Tunaomba mwende wawili.

Marehemu ameacha mume, Wambura Mniko, watoto watatu, Brenda, Dennis na Happyness, wajukuu wawili, mdogo wake, Hezron, na dada yake, Helena, aliyembeba tangu Buswahili kila alipokosa pumzi, na ambaye Jumamosi alidhani anambeba tena.

Wambura ameagiza kwamba konzi ya kwanza ya udongo iwe ya Helena. Macho yake hayaoni vizuri. Mlio karibu na kaburi, mpisheni apite, na mmoja wenu amshike. Flora, mtoto wa Baltazari, apumzike kwa amani mahali ambapo kifua hakibani.