Fundi Taratibu, Gari la Rangi ya Maziwa na Bango Letu

Ifikapo saa kumi na nusu alasiri ya tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa karakana ya chuo chetu atavua ovaroli yake baada ya utumishi wa miaka thelathini na sita. Saa hiyo tumeitaja kwa heshima ya ratiba tu. Kila anayemfahamu Fundi Taratibu anajua kwamba ovaroli haitavuliwa kabla ya magharibi, kwa kuwa patakuwa na nati moja ambayo hajaridhika nayo.

Aliajiriwa kuziba pancha. Akapanda kuwa fundi msaidizi, kisha fundi wa injini, na miaka kumi na mitano iliyopita akakabidhiwa karakana yote. Amewafunza mafundi kumi na saba, na wote wanasimulia jambo lile lile: siku ya kwanza hakuwapa spana, aliwapa kigoda. Aliwaamuru wakae kando ya injini inayonguruma, wasikilize mpaka waweze kumweleza inalalamikia nini. Mmoja alisinzia. Fundi alimwamsha kwa upole na kumpongeza kwa uchunguzi wake, akisema kuwa injini inayoweza kumbembeleza mtu mpaka akalala haina ugonjwa wowote.

Haki inatudai tuyataje na makosa yake. Hana subira na mtu anayebamiza mlango wa gari. Profesa mmoja, ambaye hatutamtaja kwa kuwa bado anasahihisha mitihani yetu, alirudishwa kuufungua mlango na kuufunga upya mara tatu, mpaka ulipofungwa kama unavyofungwa mlango wa chumba cha mtoto aliyelala.

Kosa lake kubwa kuliko yote, hata hivyo, lina magurudumu manne. Ni gari la rangi ya maziwa lililonunuliwa kwa ajili ya mkuu wa kwanza wa chuo, kisha likatupwa nyuma ya ghala, kuku wakaligeuza kiota. Fundi alilifufua kwa Jumamosi za miaka tisa. Mkewe, mwalimu mstaafu, hulitaja gari hilo kwa jina la "mke mwenzangu", na ameweka wazi kwamba yeye hajawahi kung'arishwa kwa nta kila mwisho wa wiki.

Hapo ndipo wanafunzi tulipoingia. Karakana ina nafasi moja tu yenye paa na shimo la kufanyia matengenezo. Nafasi hiyo ililaliwa na gari hilo la maonyesho, ilhali basi la wanafunzi lilitengenezwa nje, kwenye mvua na tope, na kutuacha njiani kila muhula. Je, tungenyamaza? Hatukunyamaza. Tuliandamana mpaka langoni pa karakana na bango la mita tatu: BASI KWANZA, MAKUMBUSHO BAADAYE.

Kamati ya usafiri ikatoa uamuzi. Kulikuwa na msafara wa magari ya zamani uliokuwa ukiandaliwa, magari ishirini na mawili, safari ya siku moja kupanda milima na kuteremka hadi ziwani. Gari letu lishiriki. Likifika kwa nguvu zake lenyewe, litabaki chuoni na kutumika kufundishia. Likivutwa, hata mita kumi, liuzwe kama chuma chakavu. Shahidi wa safari awe katibu wa wanafunzi, yaani mwandishi wa wasifu huu, mtu aliyeomba sana livutwe.

Asubuhi ya safari shahidi alikuta kiti chake kimetandikwa kitambaa safi kilichopigwa pasi na kupindwa kingo. Kilikuwa bango letu. Fundi alieleza kwamba alikiokota langoni siku ile tulipokitupa, kwamba ni pamba nzuri, na kwamba mkewe amesifu mwandiko. Shahidi akasafiri kilomita mia moja na sitini akiwa ameyakalia madai yake mwenyewe.

Kwa mwendo wa Fundi, mandhari yalionekana yote, na mengine mara mbili. Chini ya mlima mrefu tulimkuta daktari wa meno amesimama kando ya gari lake jekundu, boneti wazi, mkanda wa feni umekatika. Fundi alitoa mkanda wake wa akiba, ule mmoja tu aliokuwa nao, akamfungia. Shahidi aliyeomba gari livutwe alijikuta akipinga kwa sauti kubwa ugawaji huo wa vipuri. Fundi alimjibu bila kuinua kichwa: "Mheshimiwa, wewe umekuja kuona. Ona."

Ikiwa imebaki miteremko na kilomita kumi na tisa, mkanda wetu nao ukakatika. Mvuke ukapanda kutoka kwenye rejeta. Gari la kuvuta, lililofuata nyuma ya msafara, likasimama, na dereva wake akateremka na mnyororo begani, akauliza kwa furaha isiyofichika: "Nimletee machela mgonjwa, mzee, au bado mnaagana?"

Fundi aliitazama injini. Kisha akamwomba shahidi anyanyuke kidogo.

Alilipasua bango katikati, akasokota nusu moja kuwa kamba, akailowesha maji, akaizungusha kwenye puli, pale ulipokuwa mkanda, na kuifunga fundo ambalo mpaka leo hajakubali kulifundisha. Tulisimama mara saba kulikaza na kuongeza maji. Dereva wa gari la kuvuta alitufuata mpaka mwisho, na kufikia kituo cha tano ndiye aliyekuwa akishika birika. Tulifika ziwani wa mwisho, wenzetu wakiwa wamekwisha kunywa chai. Daktari wa meno alikuwa amesimama peke yake kwenye lango la mwisho wa safari, akipiga makofi.

Fundi hakumwomba shahidi chochote. Alikwenda kunawa mikono. Shahidi aliandika kwamba gari lilifika kwa nguvu zake lenyewe, na kamati ilipohoji kama bango la wanafunzi ni kipuri halali, alisimama na kutoa hotuba fupi kuliko zote katika historia ya chama chetu: Limefika.

Jumatatu iliyofuata, kabla yeyote hajamwagiza, Fundi aliliondoa gari lake lililoshinda, akaliweka nyuma ya ghala chini ya turubai, na kuliingiza basi la wanafunzi penye paa. Tulipomuuliza sababu, alituonyesha nusu ya bango iliyosalia kitini. Ilisomeka: BASI KWANZA. Tangu siku hiyo basi halijatuacha njiani hata mara moja.

Ndugu Fundi, tuliokupinga kwa sauti tunakushukuru kwa sauti ile ile. Zawadi yetu ni mita tatu za pamba safi. Hatukuandika neno juu yake. Tumeona unavyojua kuitumia. Njia yako iwe tambarare, afya yako isikatike, na mkeo sasa apate Jumamosi zake zote. Nenda salama, Fundi wetu, na nenda taratibu.