Maji Yaende Kuria

Wasikilizaji wapendwa, vuteni kiti karibu na redio. Nyanya yenu niko hapa. Leo tunamkumbuka fundi Bramwel Wangila wa Tuwan, hapa Kitale. Amezikwa Jumamosi kwao Bungoma.

Wangila alikuwa fundi wa nyumba. Na ulimi wake ulikuwa wa Bungoma kabisa. Kulala kwake ni kurara. Watu walimcheka, naye alizoea. Ama tulidhani amezoea.

Mwaka wa elfu mbili na tatu alisimamia ujenzi wa nyumba mpya kwenye mteremko wa Matisi. Zamani hapo palikuwa na mahindi. Mvua ikinyesha, udongo unakunywa. Sasa ni mabati na kokoto, maji hayana pa kuingia. Yanateremka tu. Chini, upande wa kulia, kulikuwa na kijito. Upande wa kushoto kulikuwa na boma la marehemu Kuria. Mjane wake, Mama Gladwell, aliishi hapo, na kaburi la mzee liko kando ya ua. Shikeni hapo: kulia kijito, kushoto kwa Kuria.

Wangila akawaambia wachimbaji, "Mtaro uende kuria." Alimaanisha kulia, mkono wa kulia. Mathenge, aliyeongoza wachimbaji, akasikia Kuria. Wakachimba kuelekea kwa Kuria.

Jioni Wangila akaja kuangalia. Akashtuka. "Rakini mimi nirisema..."

Mathenge akamkata. "Ati nirisema! Bana fundi, hebu sema lori limelala!"

Wote wakacheka. Wangila akacheka nao, akanyamaza. Alijua mtaro umeenda vibaya, wasikilizaji. Alijua, na bado akanyamaza. Akajiambia atarekebisha kesho.

Kesho ilikuja na mvua. Maji ya mabati yote yale yakaingia mtaro mmoja. Yakapasua ua wa Mama Gladwell, yakala udongo wa kaburi mpaka pembe ya sanduku ikaonekana. Majirani walimkuta mama amevua leso yake, amemfunika mzee.

Wangila alifukia ule mtaro kwa mikono yake mwenyewe. Akachimba mwingine wa kwenda kijitoni, akapanga mawe ndani ili maji yapunguze mbio. Kaburi akalijaza. Palipoliwa na maji akapanda nyasi ya nepia. Tangu hapo, mawingu yakikusanyika, anaacha kazi ya watu anakimbia Matisi na jembe. Mama Gladwell alikuwa anamwekea kikombe cha chai juu ya jiwe, anarudi ndani. Hamsalimii. Aliamini fundi alimwelekezea maji makusudi.

Mkewe, Peris, aliniambia hivi: "Nilimwambia, Baba, enda umweleze yule mama ulisema nini. Akasema, 'Nimweleze nini, Peris? Nirinyamaza.' Miaka yote ni hilo tu. Nirinyamaza."

Jumamosi kule Bungoma, Mathenge alisimama mbele ya waombolezaji. Akasema, "Fundi alisema vizuri. Alisema kulia, ni mimi nilisikia Kuria. Alipotaka kunirekebisha, nilimcheka."

Mama Gladwell alikuwa ameketi nyuma. Hatukujua kama amekuja. Manyunyu yalikuwa yameanza, na maji mekundu yalikuwa yanatambaa kutoka juu ya shamba kuja kaburini. Akainuka, akachukua jembe, akamwekea Mathenge mkononi. Akanyoosha mkono wake wa kulia.

"Chimba hapa, Mathenge. Maji yaende kuria."

Alisema hivyo hivyo, kwa ulimi wa Wangila. Hakuna aliyecheka.

Peris, mama yangu, wewe na watoto, pole sana. Mungu awashike. Na wewe Mathenge, pole pia, baba.

Wasikilizaji wapendwa, kuna mtu wako amenyamaza kwa sababu ulimcheka. Mrudie leo, umwambie aseme tena. Halafu toka nje kidogo, mvua ni hii inakuja. Angalia maji ya bati lako yanaenda kwa nani.