Herminda Quilodrán wa Meza ya Kwanza ya Wanawake

Mama yetu, Herminda Quilodrán Yáñez, alizaliwa Las Tinajas tarehe 14 Machi 1928, mtoto wa tano wa mchuma zabibu na mfua nguo.

Alisoma madarasa manne. Yalitosha. Zamani zile asiyejua kusoma hakupiga kura, naye tarehe 4 Septemba 1952, mara ya kwanza wanawake kumchagua rais, alisimama kwenye foleni na blauzi ya zambarau aliyoishona mwenyewe. Alishona miaka hamsini. Wengi mliopo hapa mlianza shule mkiwa ndani ya aproni za sare alizoshona yeye.

Mwaka 1950 aliolewa na Eleuterio Barraza, dereva wa trekta, aliyefariki 1996. Kila uchaguzi mzee aliipiga pasi ile blauzi, na kila uchaguzi aliuliza, "Mama Nolfa, leo unampa nani?"

"Angalia pasi, Eleuterio, unaunguza kola."

Hakumwambia hata mara moja.

Yanayofuata hatutayalainisha. Daftari la wapiga kura, lililoteketezwa na wanajeshi, lilipofunguliwa upya 1987, mama alikuwa wa tatu kujiandikisha. Wanawake walikuwa na meza zao za kupigia kura, wanaume zao, na aliyetangulia kujiandikisha aliwekwa meza ya mwanzo. Basi Meza ya Kwanza ya Wanawake ikazeeka pamoja. Kabla ya uchaguzi wa Oktoba 2008, meya aliwajia wanawake wa meza hiyo na keki, akawapapasa mashavu: "Bibi zangu, kina mama wazee ni kura zangu, sina wasiwasi." Alishinda. Lakini matokeo yalibandikwa ukutani, meza kwa meza: Meza ya Kwanza ilimpa kura kumi na moja kati ya mia na arobaini.

Figo za mama zilikuwa zimeshindwa. Mara tatu kwa wiki gari la manispaa lilimpeleka hospitali, yeye na rafiki yake Clorinda Paillacar, kusafishwa damu. Januari gari likaacha kuja. Walipokwenda kuuliza, karani alicheka.

"Ninyi si Meza ya Kwanza? Mwiteni mliyempa kura awabebe."

Njiani mama alimnong'oneza Clorinda: moja ya zile kumi na moja ilikuwa yake. Alimpa meya kura kwa ajili ya gari.

"Shoga, rudi ukaseme! Kesho utapanda."

"Nipande, nikuone wewe kituoni kupitia dirisha? Mtu yule ananitia kichefuchefu. Na mimi niliyemchagua, nataka kujitapika."

Hakusema. Walipanda mabasi mawili kwenda, mawili kurudi, hadi baridi ikaingia. Alifariki tarehe 9 Julai 2009, kwenye benchi la kituo cha pili, mkono wake ukiwa mkononi mwa Clorinda, ambaye mama alimruhusu kutuambia haya siku ya maziko tu.

Ameacha watoto wawili, Nolfa na Ramiro, wajukuu sita, na Clorinda, ambaye keshokutwa atapanda mabasi yale peke yake.

Jana gari la manispaa lilileta shada la maua: "Kwa bibi yetu mpendwa." Liko nje ya lango, na litabaki huko.

Mama amevaa blauzi yake ya zambarau, imepigwa pasi. Apumzike mahali ambapo hakuna atakayemuuliza alimpa nani.