Obo ya Kwanza Haikuchoka

Ijumaa, tarehe 30 Juni, mpiga obo wa kwanza wa okestra yetu anastaafu rasmi baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Jina lake limo kwenye faili za ofisi. Humu ukumbini tunamwita Shangazi, kwa sababu hakuna kati yetu aliyewahi kuchelewa mazoezini akaliepuka lile jicho lake. Wageni wengine wamedhani ni shangazi wa damu wa kiongozi wa okestra. Hajawahi kukanusha.

Kwa ndugu na jamaa watakaosoma kijarida hiki bila kuijua obo: ni zumari nyembamba ya mbao nyeusi, na roho yake ni kilimi, yaani vipande viwili vya mwanzi vilivyofungwa pamoja kwa uzi, ambavyo mpigaji huvishika kwa midomo. Kilimi huchongwa kwa mkono, hulowekwa majini kabla ya kupigwa, na hufa baada ya wiki chache. Shangazi anakadiria kwamba amechonga zaidi ya elfu sita. Vilivyotoka vizuri kabisa, anasema, havikufika mia.

Alianza akiwa na miaka kumi na miwili, kwa obo iliyokuwa imelala kabatini shuleni kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Siku za mwanzo mwenye nyumba, aliposikia ile milio, alikuja kumkumbusha baba yake kwamba kufuga bata hakuruhusiwi. Kaka yake, fundi wa kuchomelea, akamtengenezea kisu cha kuchongea vilimi kutokana na msumeno uliovunjika. Kisu hicho ndicho anachotumia hadi leo, na ole wake atakayekigusa. Mwenzetu mmoja wa filimbi aliwahi kukitumia kukatia keki ya siku ya kuzaliwa ya mpiga ngoma kubwa. Shangazi alikiosha, akakifuta. Kwa siku nne akawa anawasalimia watu wa filimbi kwa "Habari za asubuhi, waheshimiwa," na hakuna karipio ambalo lingewauma zaidi.

Alijiunga nasi kama obo ya pili, na ndani ya miaka mitatu akapewa kiti cha kwanza. Amepiga peke yake mbele ya okestra kumi na moja za nje, ametoa rekodi nne, na amefundisha wanafunzi arobaini na mmoja, saba kati yao leo wanakula kwa obo. Upo ukurasa mmoja katika muziki tunaoupiga kila mwaka ambao wapigaji wengi huugawa kwa pumzi tano. Yeye huumaliza kwa mbili, kisha hugeuza karatasi kama mtu aliyemaliza kusoma barua ya kawaida. Mumewe, mwalimu wa hesabu asiyeweza kuimba hata wimbo wa kubembeleza mtoto, huketi safu ya mwisho akizihesabu pumzi hizo kwa vidole. Siku ya onyesho Shangazi hali pilipili, kwa ajili ya midomo. Mumewe naye hali, kwa ajili ya mkewe. Miaka yote hiyo! Huyo naye anastahili cheti.

Sasa nifike pale aliponikataza.

Miaka kumi na tisa iliyopita mimi ninayeandika haya nilikuwa obo ya pili, katika mwaka wa majaribio. Jumapili moja alasiri, kwenye onyesho, kamati ya ajira iliketi safu ya tatu kuamua kama nibaki au nifungashe virago. Wakati wa mapumziko nilikigonga kilimi changu kwenye kifungo cha koti, kikapasuka. Kisanduku cha vilimi vya akiba nilikuwa nimekiacha nyumbani, juu ya friji. Nilikaa pale na obo yangu mapajani.

Shangazi alikuwa na vilimi viwili: kimoja kilichokomaa, alichokitunza wiki nzima kwa ajili ya sehemu ndefu aliyokuwa apige peke yake, na kingine kibichi, alichoanza kukichonga jana yake. Alikisuuza kile kizuri kwenye kikombe chake cha maji, akakitia mkononi mwangu. "Shika. Usinishukuru, kapige." Kisha akatoa kisu, na dakika sita zilizobaki akazitumia kukichonga kile kibichi.

Noti yake ya juu kabisa ilikatika. Ukumbi mzima ulisikia. Jumanne gazeti likaandika kwamba obo ya kwanza imechoka na huenda umefika wakati wa kuwapisha vijana, likaisifu obo ya pili kwa sauti laini iliyokomaa. Mimi nikaajiriwa. Yeye akaitwa ofisini, akasema siku ile haikuwa yake, basi. Ziara ya miji sita aliyokuwa ameahidiwa akapewa mtu mwingine. Habari ile ya gazeti aliikata akaibandika ndani ya mlango wa kabati lake. Kabati langu liko ubavuni. Nimeiona kila siku ya kazi.

Nilitaka kusema. Akanikataza: kamati ingeweza kuitengua ajira yangu, na mtu anayesahau vilimi juu ya friji, alisema, hana wakili. Baadaye kamati ilibadilika, hatari ikaisha, nami nikaendelea kunyamaza kwa aibu yangu mwenyewe. Wiki iliyopita, aliposikia kwamba ukurasa huu nimepewa mimi, aliniomba tena nisiliguse jambo hilo. Nimemtii miaka kumi na tisa. Inatosha.

Basi na iandikwe katika kumbukumbu za okestra hii: Jumapili ile obo ya kwanza haikuchoka. Sauti iliyosifiwa ilitoka kwenye kilimi chake. Kilikufa wiki tatu baadaye, kama vilimi vyote. Ninacho bado.

Kuanzia Jumatatu nitakikalia kiti chake, na kushoto kwangu atakaa mtu mpya, naye yuko katika mwaka wa majaribio. Kila onyesho nitakuja na vilimi viwili vilivyokomaa.

Shangazi, asante. Kwa niaba ya okestra nzima, filimbi wakiwemo, tunakutakia afya njema, usingizi mtamu wa mchana, na pilipili siku yoyote utakayo, wewe na mwalimu wetu. Na ukifungasha vitu vya kabatini, ile karatasi ya gazeti niachie. Ni yangu.