Mshika Kibendera wa Pointi ya Mwisho

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko kazini, nitegee sikio moja, la pili mwachie bosi wako. Leo tunamkumbuka mzee wetu, tuliyezoea kumwita Kibendera. Ametutoka siku kumi zilizopita, akiwa na miaka sitini na minane, baada ya kuugua mapafu kwa muda mrefu.

Kibendera alikuwa fundi wa makochi. Narudia, fundi wa makochi. Wapo wanaodhani alikuwa mchezaji, na wapo wanaodhani alikuwa refa mkubwa. Hapana. Kazi yake ilikuwa kuvua kochi kitambaa kilichochakaa, kubadilisha sponji, na kulivisha upya. Misumari midogo aliibana midomoni, anatoa mmoja mmoja, anagonga. Kwa hiyo ukimsalimia anakuitikia kwa pua. Mteja asiyemjua alidhani ana maringo. Kumbe mtu ana misumari kumi na miwili mdomoni!

Jioni, akishafunga karakana, alikwenda uwanjani. Mpira wa wavu ndio uliokuwa ugonjwa wake. Kucheza hakujaliwa, alikuwa mfupi na mikono mizito. Lakini alikuwa na macho. Basi wakampa kibendera, asimame kwenye kona. Mpira ukianguka ndani, anakishusha. Ukianguka nje, anakiinua. Na ipo ishara nyingine, wasikilizaji wapendwa, naomba muishike vizuri. Mshika kibendera asipoona mpira ulipoangukia, anakunja mikono yote miwili kifuani. Maana yake: sikuona, msiniulize. Hapo refa anaamua mwenyewe, au pointi inarudiwa.

Kibendera alikuwa mwepesi wa kukunja mikono. Vijana walimzomea, "Mzee, kama huoni kavae miwani!" Yeye anawajibu, "Kutokuona si aibu. Aibu ni kusema umeona." Siku moja alimnyima pointi shemeji yake mwenyewe, fundi bomba, ndugu wa mkewe, tena kwenye mechi ya mwisho ya mtaa. Shemeji akaja juu, "Unanifanyia hivi mimi, niliyekupa dada?" Kibendera akamwambia, "Mpira hauna shemeji." Wiki mbili hawakusemeshana, na bomba la nyumbani likavuja wiki hizo zote mbili.

Kwa ukweli huo huo akapanda. Kutoka mtaa akaenda wilaya, kutoka wilaya akaenda taifa. Nchi yetu ilipopewa kuandaa mashindano ya ubingwa ya mpira wa wavu ya wanaume, timu kumi na mbili kutoka nchi kumi na mbili, fundi wetu wa makochi aliitwa. Aliposhona suruali nyeupe ya kuvaa siku hiyo, mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Ni muuguzi mstaafu huyu mama, na ndiye aliyenisimulia. "Nilimwambia, baba, suruali umeishona kama mto wa kochi."

Sasa twende kwenye fainali. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri, miaka ishirini na miwili iliyopita. Sisi dhidi ya jirani zetu, watu ambao lugha yetu ni moja ila lafudhi mbalimbali. Seti mbili kwetu, mbili kwao. Seti ya tano, kumi na nne kwa kumi na tatu. Tumebakiza pointi moja. Ukumbi ule unachukua watu elfu sita, siku ile nadhani tulikuwa elfu nane. Mimi nilikuwepo, na kipaza sauti cha redio hii hii mkononi.

Mshambuliaji wetu akaruka, akapiga. Mpira ukaenda kona ya nyuma, kona ya Kibendera. Libero wao, yule mlinzi wa nyuma anayevaa jezi tofauti na wenzake, alikuwa na jezi ya njano. Akajitupa. Akateleza kwa tumbo mpaka mwisho wa mstari. Mkono wake haukuufikia mpira. Lakini mwili wake ukapita katikati, kati ya mpira na macho ya Kibendera.

Kibendera hakuona. Narudia, wasikilizaji wapendwa, maana hapa ndipo penyewe. Kibendera hakuona. Aliona mgongo wa njano. Alisikia mpira ukigonga sakafu. Basi.

Alijua la kufanya. Alikuwa amelifanya mara mia. Lakini refa kule juu kwenye kiti chake alikuwa anamwangalia yeye. Watu elfu nane walikuwa wanamwangalia yeye. Mikono ikakataa kukunjika. Kibendera kikashuka. Ndani.

Filimbi ikalia, na tukawa mabingwa.

Sisi wengine tuliruka. Mimi niliruka, nikapoteza kiatu. Yeye alibaki pale kwenye kona, kwa sababu libero alikuwa bado amelala chini. Shavu liko sakafuni, na macho yamemkazia Kibendera. Hakupiga kelele wala hakulalamika. Alimwangalia tu, kwa muda ambao kwa Kibendera ulikuwa mrefu kuliko mechi nzima. Halafu akainuka, akaenda zake.

Dakika kumi baadaye nilimfuata Kibendera mimi. Nikamsogezea kipaza sauti. Nikamwuliza, "Mzee, uliona?" Akanyamaza. Nikaona kimya hakifai redioni, nikamsukuma kidogo: "Sema tu, uliona kwa macho yako mawili?" Akasema, "Niliona kwa macho yangu mawili." Kanda hiyo bado ipo hapa studioni. Nilikuwa nimepanga kuwachezea leo. Sitaicheza.

Tangu hapo hakupumzika. Mtu alimchorea ukutani mwa karakana mpira na mstari. Wateja walikuja na viti vizima, havina hata kasoro, ili tu wakae wasimuliwe. "Hebu tuambie, fundi, ulikuwaje?" Mwanzo alisema maneno mawili: ulikuwa ndani. Lakini uongo una njaa, lazima ulishwe. Mwaka ulipoisha alikuwa anasema, "Ulikula nusu ya mstari." Mwaka wa pili akawaonyesha kwa kidole, kwenye mbao ya kochi, nusu yenyewe ilipoishia. Watu wanapiga makofi. Na yeye, katikati ya makofi, anamwona mtu wa jezi ya njano amesimama nyuma yao, mlangoni.

Hakuwa akiota. Alimwona mchana kweupe. Alimwona kwenye foleni ya hospitali. Alimwona kwenye harusi ya mpwa wake, meza ya tatu, hana sahani, anamwangalia. Mkewe alidhani ni uchovu. Kibendera kile alikirudisha kwa chama cha mpira wa wavu mwezi ule ule wa fainali, akasingizia magoti. Magoti yalikuwa mazima, alipanda paa la jirani kuziba matundu kila mvua ikinyesha.

Alimwambia mkewe mwaka wa tatu. Mama alikuwa anapiga pasi.

"Mama watoto, sikuona."

"Hukuona nini? Shati lako la bluu? Liko hapa."

"Mpira. Sikuuona mpira."

Mama anasema alisahau pasi juu ya shati. Shati likaungua mgongoni, duara la kahawia. "Nilitaka kumwambia, yaliyopita si ndwele," ameniambia. "Lakini nilipomtazama usoni nikaona hayajapita. Kwa miaka ishirini na miwili, mwanangu, nimelala na wanaume wawili kitanda kimoja. Mume wangu, na huyo bwana wa njano."

Binti yao, sasa ni mwalimu wa hesabu, alikuwa na kanda ya video ya fainali. Akaitazama, akairudisha, akaisimamisha, akaitazama tena. Kamera ilikuwa nyuma ya libero. Ule mgongo wa njano umefunika kila kitu. Akamkimbilia baba yake kwa furaha. "Baba, hata kamera haikuona! Huenda ulipatia!"

Kibendera akatoa misumari mdomoni, yote. Akaiweka mezani. "Kamera haikuulizwa, mama. Niliulizwa mimi."

Hapo ndipo ninapokwama mimi, wasikilizaji wapendwa. Kwa sababu huenda alipatia kweli. Kama angejua alikosea, angetubu, yakaisha. Kama angejua alipatia, angelala. Lakini hakujua. Na mtu mmoja tu duniani aliweza kumwambia.

Basi wakamwandikia barua, kupitia chama cha mpira wa wavu cha nchi ile. Hiyo ni miaka saba iliyopita. Kibendera alisema, binti akaandika. Barua ilikuwa fupi. "Mimi ndiye niliyeshika kibendera kwenye kona yako. Sikuona mpira ulipoangukia. Nilisema nimeona. Naomba unisamehe, na kama uliona wewe, naomba uniambie." Chini wakaweka namba ya simu ya binti. Kila simu ya binti ilipolia na namba ngeni, mzee alisimamisha nyundo hewani.

Hakuna aliyepiga. Shemeji, yule fundi bomba, alimwambia, "Achana naye. Asiyejibu barua ameshajibu." Kibendera akasema, "Basi amejibu kwamba hanisamehe."

Wiki zake za mwisho alilazwa. Asubuhi moja binti alikuwa anamnywesha uji, mzee akageuza uso kutoka kwenye kijiko.

"Mwambie akae," akasema. "Amesimama muda mrefu."

"Nani, baba?"

"Yule bwana. Hasemi kitu. Ananiangalia tu."

Binti aligeuka. Palikuwa na kiti kitupu na kabati. Akaenda akakivuta kile kiti, akakisogeza karibu na kitanda, kwa sababu hakujua la kufanya lingine. Baba yake akafumba macho. Alifariki Alhamisi ya wiki ile, saa tano asubuhi, uso umeelekea kwenye kiti.

Kipindi hiki nilikuwa nimeshakiandaa, na kilipaswa kuishia hapo. Lakini jana, siku ya tisa ya msiba, simu ya binti ililia. Namba ngeni. Sauti ya mwanaume, lafudhi ya jirani zetu.

"Nimesoma tangazo la msiba la chama chenu," akasema. "Mimi ndiye libero."

Binti anasema alikaa chini pale pale, kwenye sakafu ya sebule. Ninayowasomea ni maneno ya yule bwana kama binti alivyoyaandika. Wote wawili wameniruhusu.

"Barua yenu niliipata. Niliipata wiki ile ile. Nimekaa nayo miaka saba. Nilikuwa nimelala chini, uso sakafuni. Mpira uliangukia mbele ya macho yangu. Ulikuwa ndani. Wala haukugusa mstari, ulikuwa ndani kabisa."

Binti akamwambia, "Kaka, tafadhali, usinifariji."

"Sikufariji," akasema. "Najishtaki. Nilimwangalia baba yako kwa sababu nilikuwa naogopa. Mwizi akisikia hatua za mlinzi anamwangaliaje? Ndivyo nilivyomwangalia. Nilikuwa naomba asiwe ameona. Akishusha kibendera tumekwisha, asiposhusha tumepona. Akashusha. Nikajua ameona. Nahodha wetu akaniuliza, ulikuwa nje? Nikasema ulikuwa nje. Nchi nzima ikasema tumeibiwa, nami nikaitikia kwa kichwa. Mpaka leo kwetu mimi ndiye niliyedhulumiwa. Watu wananipisha kwenye foleni."

Sikilizeni tena, wapendwa, maana mimi mwenyewe ilinilazimu kusoma mara mbili. Kibendera hakuona, akasema ameona. Libero aliona, akasema vingine. Mmoja alidhani anahukumiwa. Mwingine alidhani amekamatwa. Wakaishi hivyo miaka ishirini na miwili, nchi mbili jirani, kila mmoja anamwogopa mwenzake.

Mama alitaka simu. Akaishika kwa mikono miwili. Halafu akasema, "Umechelewa siku tisa." Akamrudishia binti. Binti alikuwa anakaribia kuaga, mama akanyoosha mkono tena.

"Nipe." Akaiweka sikioni. "Hebu sema tena. Polepole. Nakusikiliza kwa niaba yake."

"Ulikuwa ndani, mama."

"Tena."

"Ulikuwa ndani."

"Mwite jina lake, umwambie yeye."

Yule bwana akamwita kwa jina lake, lile alilopewa na wazazi wake. Akamwambia. Binti anasema sauti ilikatika katikati, akaanza upya, akamaliza. Mama akasema ahsante, akakata simu, akaenda kulala mchana ule, mpaka jua likazama. Hajalala hivyo tangu mzee alipolazwa.

Kwa niaba ya redio hii, nawapa pole mama, binti, na shemeji yetu fundi bomba, ambaye jana alilia kuliko wote. Nampa pole pia yule bwana kule ng'ambo ya mpaka. Na yeye amefiwa, hata kama hakuna atakayempelekea rambirambi. Mimi nami naomba radhi yangu hapa hapa hewani, kwa swali lile nililomsukumia mtu aliyekuwa amenyamaza. Kimya chake kilikuwa jibu, nikakikatiza. Mungu amlaze fundi wetu mahali pema.

Nawe unayenisikiliza, nakuachia hili. Labda yupo mtu anayebeba kosa ambalo wewe unajua si lake. Usingoje tangazo lake. Namba yake unayo. Leo ni Jumapili, yuko nyumbani.